Vitabu Kumi na Moja Bila Mshenga

Njeri ameniomba niandike juu ya kazi ya meza ya marejesho ya vitabu, kwa kuwa nyinyi mlioingia karibuni mnamuuliza mambo ambayo yeye hayajui, na mimi sipo tena wa kuulizwa. Nilimwambia elimu yangu ni darasa la saba na chuo cha Kurani, vyote Tanga, na kwamba nikiandika ukurasa mmoja nafuta nusu. Akasema, basi andika mbili. Nimeandika zaidi ya mbili, na bado sina hakika kama nimeandika alichokitaka. Atakayechoka aruke hadi mwisho. Huko kuna jambo la droo ambalo kila mtu wa meza ile anapaswa kulijua.

Siku yangu ya kwanza katika ghala la Seven Hills nilipewa kisu cha kukatia maboksi, fulana ya njano ya kung'aa iliyonifika magotini, na mzee mmoja wa Kimasedonia aitwaye Risto. Kisu kilipotea wiki hiyo hiyo. Fulana nimeirudisha juzi. Mzee Risto ndiye aliyenidumu, maana kila ninachokijua juu ya kukagua kitabu ni chake, na alinifundisha kwa vidole zaidi kuliko kwa maneno, kwa sababu Kiingereza chake na changu vilikuwa vinakutana mara chache.

Kitabu kilichorudi kutoka dukani husimamishwa kwanza. Kikiegemea upande, mgongo umelegea. Kisha unaushika mgongo kwa mkono wa kushoto, unaziachia kurasa zipite chini ya dole gumba la kulia, na unasikiliza. Mimi nilimwona kama mtu anayepepeta mchele, na tangu hapo nikaiita kazi hiyo kupepeta. Kurasa zilizogandana hutoa mlio wa kukwama. Zilizokosekana huacha mruko mdogo ambao sikio linaupata kabla ya jicho. Halafu unapapasa pembe nne, halafu unanusa, maana unyevu haujifichi puani. Baada ya hapo kuna mafungu matatu tu: kurudi rafuni, kurudi kwa mchapishaji, na kwenda kusagwa. Msianzishe fungu la nne la "nitaangalia baadaye". Fungu hilo huzaa.

"Usisome," alikuwa akiniambia. Kwa maoni yake msomaji alikuwa mfanyakazi mbovu kuliko mlevi, kwa sababu mlevi anajua kwamba hafanyi kazi. Nami nawaambia hivyo hivyo, msisome. Mimi nilishindwa, na sehemu kubwa ya haya mnayoyasoma imetokana na kushindwa huko.

Katuni za Kijapani, ambazo hufunguliwa kuanzia kulia kama msahafu, zilianza kuingia ghalani boksi moja moja, zikaja kula ukuta mzima. Mzee Risto hakuzizoea hadi anastaafu. Kila mara alifungua upande wa mwisho na kulaani kwa lugha ya kwao. Mkono wangu ulijua wenyewe, kwa kuwa nilifundishwa kufungua juzuu upande ule kabla sijashika kitabu cha shule. Hilo halikunifanya mjuzi. Lilinifanya mwepesi tu, na mwepesi ndiye anayeongezewa kazi, kwa hiyo ukuta wote ukawa wangu.

Nusu ya ukuta ilikuwa hadithi za vijana wawili wa kiume wanaopendana. Mtasikia watu wakizisema vibaya bila kuzifungua, na wengine wakizisifu bila kuzifungua pia. Mimi nilizifungua, tena kwa mshahara. Zipo za kila namna, na zile zenye nailoni ngumu na kibandiko cha umri haziachwi wazi mezani, hilo ni sharti na msilichezee. Lakini nyingi zilizopita mikononi mwangu zilikuwa za upole kupita kiasi. Ukurasa baada ya ukurasa mtu anamtazama mwenzake akila tambi. Ukidhani sasa atasema neno, mvua inaanza kunyesha, na wote wawili wanatazama mvua.

Kisha ikaja korona. Maduka yakafungwa, watu wakafungiwa majumbani, nasi tukajua kazi imekwisha. Haikwisha. Watu wasio na pa kwenda waliagiza vitabu moja kwa moja kutoka kwetu, na walichoagiza, wallahi, hakikuwa vitabu vya kujiendeleza. Waliagiza katuni.

Ghala likagawanywa zamu mbili zisizoruhusiwa kukutana. Sisi wa asubuhi tunatoka, mtu anapita na dawa anapuliza meza na vishikio, ndipo wa jioni wanaingia. Sisi tunaokaa Auburn na wenzetu wa mitaa ya jirani tulibeba kibali cha kutoka mtaani kwenye simu kama pasipoti, na pua zetu zilichokonolewa mara nyingi hadi nikawa nikiona kijiti tu, napiga chafya. Skana za kusomea namba za vitabu, ambazo tulizishirikiana, ziliondolewa kwa kuhofia virusi. Tukawa tunakusanya oda kwa karatasi na macho. Hilo la macho mlishike, litarudi.

Mwenzangu wa meza ile zamu ya jioni alikuwa Pasta Byamungu. Mkongo wa Uvira, mtu wa makamo, mchungaji wa kanisa dogo la watu wa kwao ambalo wakati ule lilikuwa limehamia kwenye simu, na baba wa watoto sita waliokuwa wote nyumbani wakisomea kompyuta moja. Alikuwa kibarua wa wakala wa ajira, maana yake jina lake lingeweza kukosekana kwenye rosta ya wiki ijayo bila mtu kumweleza kitu. Njeri mnamjua. Wakati ule ndio kwanza amepewa usimamizi wa sakafu, binti wa Kikenya mwenye shahada ya mambo ya usafirishaji, sauti kubwa na moyo mzuri, kwa mpangilio huo.

Sasa niwaeleze mfululizo mmoja wa katuni hizo, ule wa miamvuli, maana bila huo hamtaelewa hasira zangu.

Majina yao ya Kijapani yalikuwa yananiteleza, kwa hiyo mmoja nilimwita Fundi na mwingine Stesheni. Fundi ana kibanda cha kutengeneza miamvuli alichoachiwa na babu yake. Stesheni ni mfanyakazi wa reli, yule anayesimama jukwaani na kipenga, na kazi yake nyingine ni kutunza vitu vilivyosahaulika kwenye treni. Siku moja ya mvua anampelekea Fundi mwamvuli uliovunjika njiti. Fundi anautengeneza. Wanatazamana. Kitabu cha kwanza kimekwisha.

Cha pili analeta mwamvuli mwingine. Cha tatu, mwingine. Katika cha nne tunaonyeshwa sisi wasomaji kwamba hakuna abiria wanaosahau miamvuli mingi hivyo. Stesheni anainunua mizima, anaivunja mwenyewe kwenye goti nyuma ya ofisi ya tiketi, kisha anaifuta vumbi na kuipeleka kibandani. Na Fundi anaipokea, anainamisha kichwa, anasema itakuwa tayari kesho kutwa. Cha tano ni tambi. Cha sita mmoja ana homa, na mwingine anamletea machungwa, anayaacha mlangoni na kukimbia. Cha saba chote ni kumbukumbu za babu. Nilikuwa nimesimama pale mezani, miwani imejaa ukungu wa barakoa, nasema kwa sauti: sema, mwanangu, sema. Foklifti zinapita.

Mnielewe nilikotoka. Mimi nimekuwa mshenga. Tanga nilianza nikiwa mwanamke mdogo, na hapa Auburn nimeendelea. Nimepeleka posa, nimerudisha majibu, nimesuluhisha wazazi waliogombana juu ya ukumbi. Kwetu vijana wenyewe hawahitaji kusema kitu, maana yupo mtu wa kusema kwa niaba yao, na mtu huyo hayapeleki maneno mabichi. Baba wa binti akisema "huyo kijana ni mvivu", mshenga anafika upande wa pili na kusema "wangependa kujua mipango yake ya kazi." Ndivyo ndoa zinavyofungwa. Sasa hawa wawili wa miamvuli hawakuwa na mtu. Babu amekufa, mama yake Stesheni yuko mbali, na bosi wa reli anajali ratiba tu. Nilikuwa nikifikiri, nipeni mimi kikombe kimoja cha chai kwenye kibanda kile, jambo hili linakwisha kabla ya cha tatu.

Kuna atakayeuliza, na ana haki, mwanamke wa swala tano alikuwa anatafuta nini kwenye mapenzi ya vijana wawili wa kiume. Nimejiuliza pia. Sijapata jibu la kuniridhisha mimi wala muulizaji. Ninachoweza kusema kwa haki ni kwamba humo sikukuta uchafu. Nilikuta watu wawili waoga, na uoga naujua. Nilikuwa nikiswali adhuhuri nyuma ya paleti za vitabu vya bustani, kisha narudi kuwapepeta. Kama hayo mawili hayakai pamoja, basi yalikaa ndani yangu yakavumiliana.

Cha tisa kikaisha Stesheni akiwa amepewa uhamisho kwenda mji wa mbali, begi liko mkononi, na Fundi anatengeneza mwamvuli. Cha kumi kikachelewa kwa sababu meli zote za dunia zilikuwa zimechelewa. Oda zake zikajaa. Watu waliandika barua pepe za kusikitisha, na sikuwacheka, maana laiti ningejua pa kuandika ningeandika na mimi.

Katika kungoja huko ndipo malalamiko mengine yalipoanza. Mteja ameagiza cha tatu, kapata cha nane. Mwingine kapata cha sita mara mbili. Makosa yote yalitoka zamu ya jioni na yote yalitoka rafu ya wale vijana. Vitabu vya mapishi, vya bustani, hata vile vya kupiga ramli kwa karata, Pasta alivipakia bila kosa. Lile la ramli lilipaswa kunizindua. Halikunizindua. Kisha makosa yakakoma ghafla, kwa kuwa Pasta aliacha kabisa kugusa rafu ile. Nikija asubuhi nakuta karatasi za oda zake zimepangwa vizuri, zimebanwa, zinaningoja mimi.

Njeri akasema ni mambo ya kanisa. Nami nikaona ni mambo ya kanisa. Angekuwa mtu mwingine tungemuuliza kama ni mgonjwa. Kwa kuwa ni mchungaji, tulijua jibu kabla ya swali.

Hata hivyo nilimuuliza. Nilipokuwa nikitoka kwenda kupanda treni, yeye alikuwa ndani ya gari lake kwenye maegesho, anangoja dawa ikauke. Sheria ilikuwa kukaa mbali, kwa hiyo nilisimama kando ya uzio, yeye akateremsha kioo kidogo, na jambo la staha likaulizwa kwa sauti ya mnadani. Nikasema, Pasta, ni kwa sababu ya imani, sivyo? Akautazama usukani. Hakujibu. Nami nikauchukua ule ukimya, kesho yake nikaupeleka ofisini kama jibu.

Hapo ushenga ukaanza rasmi, na hakuna aliyeniomba niwe mshenga. Njeri akasema, "Mama Zuhura, mwambie Pasta hivi, kama hataki hiyo kazi aseme. Wakala ako na watu wengi wanaingoja." Nilipofika kwenye uzio maneno hayo yalikuwa yamekwisha lainika. Nikamwambia bosi anaheshimu imani yako, anakuomba utafakari. Pasta akasema nimwambie bosi kwamba anamwomba Mungu amsaidie. Nikapanda ofisini na kusema Pasta ameshaomba, mambo yatakuwa sawa. Njeri akafurahi. Akasema vizuri, cha kumi kinaingia Ijumaa, na zamu ya jioni ndiyo itakitoa, kwa sababu sisi wa asubuhi tutakuwa na kontena. Kikilala hapa, hataweza tena kumtetea kwa wakubwa. Hilo la kutetea niliona ni zito kulipiga kelele kwenye maegesho. Nikamwambia Pasta, bosi anasema cha kumi kikija, ufanye kadiri utakavyoweza.

Nimeozesha watu kwa maneno laini kuliko hayo. Sikuona tatizo.

Jumatatu nilikuta maboksi ya cha kumi yamekaa vile vile yalivyoshushwa, na nailoni yake. Oda zimepangwa vizuri, zimebanwa. Njeri alishuka, akayatazama, hakupiga kelele, na Njeri asipopiga kelele ni vibaya. Akasema atamwandikia wakala, jina la Pasta litoke kwenye rosta, lakini hataki mtu asome habari hiyo kwenye simu. Atamngoja amwambie mwenyewe. Akachomoa nakala kutoka kwenye boksi moja, akachukua na nyingine rafuni, nadhani amwonyeshe ni vitu vyepesi kiasi gani vilivyomponza. Nikamfuata. Sikuitwa.

Pasta alipotuona wawili alitoka ndani ya gari na kusimama upande wa pili wa boneti. Ndipo yalipoanza.

"Pasta," Njeri akasema, "ulimwambia Mama Zuhura utatoa hizo vitabu."

"Hapana, Bosi. Ni Mama Zuhura aliniambia wewe umesema nifanye kadiri ninaweza."

Wote wawili wakanigeukia. Njeri akaniuliza kama yeye alisema hivyo. Nikasema alisema karibu na hivyo.

"Karibu?"

"Nilipunguza makali."

"Mama Zuhura, makali ndiyo ilikuwa ujumbe."

Hadi leo naona alikuwa na haki, ingawa angeweza kulisema taratibu. Akamgeukia Pasta, akaviweka vitabu viwili juu ya boneti na kurudi nyuma kama sheria ilivyotaka. Akasema hataki tena kuambiwa na mtu wa katikati. Pasta amwonyeshe mwenyewe, kwenye hiki cha kumi kuna nini ambacho hawezi kukishika.

Pasta akachukua kimoja. Akakipeleka mbali hadi mkono ulipoishia. Akakirudisha hadi kikagusa barakoa. "Hii ya kumi," akaanza, kisha akasita.

Kilikuwa cha saba.

Njeri akanitazama mimi, nami nikatazama namba ile nyembamba kwenye mgongo wa kitabu, rangi ya maji ya mchele juu ya rangi ya maji ya mchele, kama migongo yote kumi ilivyo.

"Bosi," Pasta akasema, "lunettes yangu ilivunjika. Batoto walikuwa wanacheza ndani ya nyumba, walifungiwa, wafanye nini? Bitabu bikubwa ninaona muzuri. Hii migongo iko mwembamba, namba iko kidogo, rangi yote ni moja. Ya tatu na ya nane, kwangu ni ndugu. Nilitoa mbaya, watu wakalalamika, nikaona afadhali niache kuliko kuharibu."

"Na duka la miwani?"

"Ninapiga simu kila wiki. Wanapokea ya haraka tu. Wanasema ningoje."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Wakala akisikia macho haiko muzuri, atanitoa." Akageuza kile kitabu mkononi. "Na Mama Zuhura akauliza kama ni sababu ya imani. Nikawaza, hii sababu iko na heshima kuliko ile yangu."

Nilikaa chini kwenye ukingo wa njia. Wiki nzima nilikuwa nimebeba mashauri ya dini kwenda na kurudi kama balozi, nimeyapaka asali kila upande, na kumbe mzigo ulikuwa miwani. Si mimi tu. Sote watatu tuna akili. Njeri ana shahada. Pasta anahubiri kila Jumapili juu ya vipofu.

Njeri, ambaye ni mtu wa kumaliza jambo, akamuuliza basi hiyo imani imeingia wapi. Pasta hakukwepa. Akasema habari za vijana namna ile yeye hazipendi, na hatamdanganya. Lakini vile vitabu vya ramli havipendi zaidi, na alivipakia vyote, kwa sababu aliajiriwa kupakia. Nawaandikia hilo kama alivyolisema, maana wapo watakaotaka kumfanya mbaya na wengine watakaotaka kumfanya amebadilika. Hakuwa hilo wala hilo. Alikuwa mtu asiyeona namba.

Mkobani nilikuwa na miwani yangu ya pili, ya kusomea, ile ya duka la dawa. Ni nyekundu, ina maua ya kung'aa kwenye mikono, mjukuu wangu ndiye aliyeichagua. Nikaipulizia dawa ya mikono, nikaipangusa, nikaiweka juu ya boneti na kurudi kwenye uzio. Pasta akaitazama kwa muda mrefu. Akaivaa.

Njeri akageukia upande wa ghala. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Pasta akachukua kitabu cha kwanza. "Saba," akasema. Akachukua cha pili. "Kumi." Akakifungua, upande sahihi, akapepeta kidogo, akasimama kwenye ukurasa mmoja. Stesheni yuko kwenye mji mpya, amesimama kwenye mvua, hana mwamvuli hata mmoja. Pasta akausoma ukurasa ule kwa utulivu wa mtu aliyekaa muda mrefu bila kusoma chochote kidogo.

"Huyu kijana," akasema, "ni nini inamuzuia kusema?"

Njeri alikuwa ameshatugeukia. "Pasta," akasema, "wewe ndiyo unauliza?"

Jioni ile maboksi yote yalitoka bila kosa hata moja, na Njeri hakumwandikia wakala chochote. Alichoniambia mimi ni kwamba nisimpelekee tena mtu ujumbe katika ghala lile, hata wa kuomba gundi, na nimelitii hilo hadi nastaafu. Zile namba kubwa za kadibodi mnazoziona kwenye rafu ya katuni, ambazo nasikia mnazicheka, nilizikata mimi wiki ile kwa maboksi ya cha kumi. Zikichakaa mkate nyingine. Msisubiri ofisi.

Duka la miwani likafunguka, na Pasta akapata yake, nyeusi, ya kiume. Baadaye akaajiriwa moja kwa moja, zamu zikaunganishwa, na tukawa tunasimama meza moja, yeye upande wa dirisha. Cha kumi na moja, ambacho ndicho cha mwisho, kilikuja watu wakiwa bado wamevaa barakoa kwenye treni. Nilikisoma nimesimama. Mzee Risto anisamehe huko alipo.

Siku yangu ya mwisho kulikuwa na keki, na Njeri alisema maneno mazuri ambayo sitayarudia. Nilipokuwa nasafisha upande wangu wa meza Pasta akasogea. Kama nilivyomzoea, hakutaja majina.

"Ule wa reli," akasema, "alisema?"

Nikamwambia alisema. Akangoja. Nikamwambia walikutana kibandani, mvua inanyesha, na Stesheni akasema ile miamvuli yote alikuwa akiivunja mwenyewe.

"Na mwenzake?"

"Akasema, nilijua tangu ule wa pili."

Pasta akaacha kufunga boksi lake. "Tangu ya pili."

"Tangu wa pili."

"Na akaendelea kutengeneza?"

"Yote."

Akafikiri, mkono wake ukiwa bado juu ya gundi. "Sasa bitabu kumi na moja ni ya nini?"

Nikamwambia hilo nimeliuliza tangu Fundi alipoleta machungwa, au ni Stesheni aliyeleta, sikumbuki tena na sitaki kuonea mtu. Nikamwambia pia kwamba katika watu wote wa Seven Hills yeye ndiye wa mwisho mwenye haki ya kuniuliza swali hilo. Akacheka hadi akavua miwani kuifuta. Alisema yeye hasomi vitabu hivyo, anapepeta tu. Naandika kama alivyosema.

Kisha akataka kunirudishia ile nyekundu. Kumbe miaka yote hiyo aliitunza, imefungwa kwenye kitambaa, na siku ambazo ile nyeusi ilikuwa ikimsumbua alikuwa akiivaa kimya kimya upande wa dirisha. Nikamwambia aiache.

Kwa hiyo ni hivi. Meza ya marejesho, droo ya juu upande wa kulia, ndani ya boksi tupu la gundi, kuna miwani nyekundu ya kusomea yenye maua. Si ya mtu yeyote. Asiyeona namba aichukue aivae, asingoje kuulizwa, wala asitume mtu. Na akichekwa kwa ajili ya maua, aseme tu kwamba haoni.